Kolloa, 1950: Mauti ya Askari kwa Ajili ya Dini Iliyoharamishwa

Wamarekani walipoharamisha pombe, tangu mwaka 1920 hata 1933, waliwazika askari wengi waliouawa wakiwaandama wauza magendo. Na huku kwetu katika Bonde la Ufa msiba wa namna hiyo ulipata kutokea, ila kilichoharamishwa hakikuwa ulevi, kilikuwa ibada.

Dini ya Msambwa ilianzishwa na Elijah Masinde wa Kimilili, mchezaji kandanda hodari aliyepata kuichezea Kenya katika Kombe la Gossage, akahubiri kwamba watu warejee katika ibada ya wahenga na kwamba Mzungu sharti aondoke. Na kwa kuwa serikali haikuweza kuyastahimili maneno hayo, mwaka 1948 ilimkamata, ikampeleka uhamishoni Lamu, na dini yake ikapigwa marufuku. Lakini imani ilikuwa imekwisha kuvuka mipaka ya Wabukusu, kabila la Masinde, na kuwafikia Wapokot kwa kinywa cha Lukas Pkech, ambaye alitiwa katika gereza la Nakuru, akatoroka, akarudi kwao kuhubiri kwa siri.

Tarehe 24 Aprili, 1950, wakuu wa serikali pamoja na kikosi cha askari wenye bunduki walimkabili Pkech huko Kolloa, katika nyika kavu ya Baringo. Wafuasi wake, mamia kwa idadi, walikuja wakiimba, mikuki mkononi, na yasimuliwa kwamba waliamini risasi hazitawadhuru. Wakuu walitaka kwanza kusema nao kwa maneno, jambo la kiungwana, ingawa mwenye kuingoja suluhu huku mkuki unamkaribia huwa amekwisha kuipoteza fursa ya kujiokoa. Na bunduki zilipolia, watu walikuwa wamekwisha kukabana. Wakafa Wazungu watatu, Stevens, Taylor na Cameron, na askari mmoja Mwafrika, ambaye masimulizi mengi humtaja kwa kazi yake tu, hali wenzake wametajwa kwa majina. Upande wa pili walianguka 29, naye Pkech miongoni mwao.

Wapokot wakatozwa faini ya mifugo, mwenye hatia na asiye nayo. Wale askari walitumwa kuikamata itikadi kwa pingu, kazi ambayo haikuwezekana, na lawama ya damu yao, kwa rai yangu, ni ya walioandika amri kabla ya kuwa ya walioshika mikuki. Masinde aliachiliwa mwaka 1961. Na mwaka 1968 serikali ya Kenya huru nayo ikaipiga marufuku dini ile ile.