Ardhi Iliyo Mbele ya Rubani

Nilikulia Tunduma, mji ambao wapita njia huukumbuka kwa foleni ya malori mpakani. Nilipoanza tasnifu yangu ya uzamili kuhusu historia ya usafiri wa ukanda huu, nilijua nitaandika habari za barabara na reli. Kisha nikakutana na ajali ya Tabora, na sijaweza kuiacha.

Tarehe 24 Januari 1920, ndege aina ya Vickers Vimy Commercial iliondoka Brooklands, Uingereza, ikielekea Cape Town. Ndani walikuwamo marubani Cockerell na Broome, mafundi wawili, na Peter Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama aliyesafiri kwa niaba ya gazeti la The Times. Tarehe 27 Februari, wakati inapaa kutoka Tabora, injini ilikufa. Ndege ikaanguka na safari ikaishia hapo. Wote watano walinusurika.

Ilikuwa na injini mbili, lakini kwa ndege nzito za enzi zile, injini moja haikutosha kuipandisha. Tena Tabora iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, na joto huifanya nyepesi zaidi: injini hupungukiwa nguvu, bawa hukosa kitu cha kushika, na ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Siku nane baadaye, tarehe 6 Machi, van Ryneveld na Brand walijaribu kupaa kutoka Bulawayo na Vimy yao, Silver Queen II. Ilishindwa kupata kimo, nayo ikaanguka.

Marubani wa ndege ndogo hufundishwa hivi: injini ikizimika ungali chini, inamisha pua mara moja ili kulinda kasi, kisha tua mbele yako, ukikwepa vizuizi kidogo tu kushoto au kulia. Usigeuke kurudi uwanjani. Moyo utakwambia urudi, kwa kuwa uwanja uko pale pale nyuma. Lakini kugeuka hula kimo ambacho huna, na bawa likikosa kasi huacha kuibeba ndege. Ndiyo maana uamuzi hufanywa kabla magurudumu hayajaanza kukimbia.

Kanuni hiyo inadai jambo moja: mbele kuwe na ardhi ya kutua. Mwaka 1919, ili njia ya Cairo hadi Cape ipatikane, ardhi hiyo ilitengenezwa kwa mikono. Ndola, watu 700 walifanya kazi kuanzia Aprili hadi Agosti, wakaondoa takriban tani 25,000 za udongo wa vichuguu. Kiwanja kingine kilikuwa Abercorn, Mbala ya leo, magharibi ya kwetu, ng'ambo ya mpaka. Ni Abercorn hiyo hiyo ambako jeshi la von Lettow-Vorbeck lilisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918. Wapagazi walikuwa ndiyo kwanza wametua mizigo ya vita. Bibi yangu husema baba yake alikuwa mmoja wao. Malipo yake hakuwahi kuyataja.

Majina ya marubani wa 1920 niliyapata kwa urahisi. Katika maelezo yote niliyosoma kuhusu Ndola, sijakutana na jina hata moja la wale 700. Wamebaki idadi, pamoja na tani za udongo.

Mwaka 1932 ndege za Imperial Airways zilikuwa zikitua Mbeya, na 2012 ukafunguliwa uwanja wa Songwe, ulioko Mkoa wa Mbeya ingawa mkoa wetu, uliozaliwa 2016, una jina hilo hilo. Nilipopanda ndege pale kwa mara ya kwanza, abiria wenzangu walitazama milima. Mimi nilitazama lami ikikimbia chini ya bawa, kisha majani yaliyokatwa mwishoni mwa njia, mpaka magurudumu yakaachia ardhi.

Sura ya tatu ya tasnifu yangu ilikuwa ianze na marubani. Nimeifuta. Sasa inaanza na kichuguu, jembe, na watu waliosawazisha mahali ambapo mtu mwingine, siku injini yake ikifa, angeweza kuangukia na akasimama tena.