Gati za Feri za Likoni: Zinavyoendeshwa na Jinsi ya Kuzitumia

Mji wa Mombasa umejengwa juu ya kisiwa. Upande wa kaskazini umeunganishwa na bara kwa daraja la Nyali, na upande wa magharibi kwa barabara ya Makupa inayoelekea Nairobi. Upande wa kusini hakuna daraja la magari. Anayetoka katikati ya mji kwenda Likoni, Ukunda, Msambweni au mpaka wa Lunga Lunga hukutana na maji ya mlango wa bandari ya Kilindini, na kwa miaka mingi njia ya kuyavuka imekuwa ni feri.

Kivuko cha Likoni kilianza kutoa huduma mwaka 1937. Hivi leo kinatajwa kuwa miongoni mwa vivuko vyenye watu wengi zaidi barani Afrika, kwani kadirio ambalo limekuwa likitolewa kwa miaka kadhaa ni zaidi ya watu 300,000 na magari yapatayo 6,000 kwa siku. Kwa wafanyabiashara wa Kenya na Tanzania, kivuko hiki ni sehemu ya barabara ya pwani inayotoka Mombasa hadi Tanga kupitia mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro. Machungwa ya Muheza yanayopelekwa soko la Kongowea, na bidhaa za viwandani zinazoteremka kutoka Mombasa kwenda kusini, zimekuwa zikivuka hapa. Mzigo unaochelewa gatini huchelewa sokoni, na kwa matunda na mboga kuchelewa huko ni hasara.

Makala haya yanaeleza jinsi gati za kivuko hicho zinavyofanya kazi, nani anazisimamia, nini husababisha foleni, na mambo ambayo msafiri au mfanyabiashara anapaswa kuyajua.

Nani anasimamia

Kwa muda mrefu huduma hii iliendeshwa na shirika la umma la Kenya Ferry Services, lililoanzishwa mwaka 1989 chini ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya (KPA). Baadaye serikali kuu ilichukua sehemu kubwa ya hisa na KPA ikabaki na sehemu ndogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 uendeshaji ulirudishwa mikononi mwa KPA.

Mabadiliko hayo yana maana kwa mtumiaji wa kivuko. Meli zinazoingia Kilindini na feri za Likoni hutumia mkondo mmoja wa maji, na kabla ya hapo vyombo hivyo vilikuwa chini ya taasisi mbili tofauti. Sasa mwenye kupanga safari za meli na mwenye kupanga safari za feri ni mmoja. Faida yake ni urahisi wa mawasiliano. Hatari yake ni kwamba mapato makubwa ya bandari hutokana na makontena, na mpita njia wa Likoni halipi chochote. Ndiyo maana wakazi na wafanyabiashara wa kusini huwa wakali kila feri inapoharibika ikakaa muda mrefu bila kutengenezwa.

Gati inavyofanya kazi

Gati za Likoni ni tofauti na gati za meli za mizigo. Meli ya mizigo hulala ubavu kwenye ukuta wa gati na kufungwa kwa kamba. Feri ya Likoni huja kwa kichwa, hushusha mlango wake wa chuma juu ya mteremko wa zege, kisha watu na magari hushuka kwa kupita mlango huo. Feri hizi zina mlango mbele na nyuma, hivyo hazina haja ya kugeuka. Gari linaloingia Likoni likiwa limeelekea mji hutoka upande wa kisiwani bila kurudi nyuma.

Umbali wa kuvuka ni takriban nusu kilomita tu, na safari yenyewe huchukua dakika chache. Muda mwingi hupotea katika kupakia na kushusha. Kwa sababu hiyo idadi ya feri si kipimo pekee cha huduma. Feri nne zinazopakia kwa utaratibu huweza kuvusha watu wengi kuliko feri tano zinazosubiriana kwenye mteremko mmoja.

Kila upande una sehemu ya kusubiria yenye paa na malango. Waenda kwa miguu hukusanyika humo hadi lango lifunguliwe, na magari hupanga foleni barabarani hadi yaruhusiwe kuteremka. Makundi haya mawili hutumia mteremko mmoja na sitaha moja. Kazi kubwa ya wasimamizi wa gati ni kuyatenganisha, ili lori lenye tani nyingi lisiwe linateremka huku mamia ya watu wakikimbilia mlango huo huo. Feri kubwa za kivuko hiki hubeba zaidi ya abiria 1,000 pamoja na magari kadhaa kwa safari moja. Miongoni mwa zilizotumika katika miaka ya karibuni ni MV Kwale na MV Likoni, zilizoanza kazi mwaka 2010, na MV Jambo iliyojengwa Uturuki na kuletwa mwaka 2017.

Mambo matatu yanayoleta foleni

Jambo la kwanza ni meli. Gati za makontena za Kilindini ziko ndani zaidi ya kivuko, hivyo kila meli inayohudumia Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo hupita mbele ya Likoni mara mbili, inapoingia na inapotoka. Bandari hupokea meli zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Meli kubwa haiwezi kusimama ghafla wala kukwepa katika mkondo mwembamba, na feri ndiyo inayosubiri. Meli ikipita saa ya watu kwenda kazini, foleni iliyojengeka katika muda huo mfupi huweza kuchukua saa nzima kumalizika.

Jambo la pili ni maji kupwa na kujaa. Katika siku za bamvua tofauti kati ya maji makuu na maji madogo Mombasa huzidi mita 3. Maji yakipwa sana, feri hukaa chini na mteremko kati ya gati na mlango wake huwa mkali. Malori marefu na magari yenye tumbo la chini hukwaruza chuma, mikokoteni hushindwa kupanda, na upakiaji huenda polepole. Katika siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua na kazi huwa rahisi. Wavuvi na manahodha wa pwani huzijua siku hizi kwa kuhesabu mwezi, na dereva wa lori hapotezi kitu akijifunza kufanya hivyo pia, kwani bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu.

Jambo la tatu ni ubovu wa vyombo. Feri hufanya safari fupi nyingi mno kwa siku, usiku na mchana, na injini pamoja na milango yake huchakaa haraka. Kila chombo hulazimika kutolewa kazini mara kwa mara kwa ukaguzi na matengenezo. Zikibaki feri mbili au tatu tu, msongamano huonekana mara moja pande zote mbili.

Usalama: mafunzo yaliyolipwa kwa damu

Mnamo tarehe 29 Aprili 1994 feri ya MV Mtongwe, iliyokuwa ikivusha watu katika kivuko jirani cha Mtongwe, ilipinduka mita zipatazo 40 tu kutoka gatini. Chombo hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 300, lakini kilikuwa na watu wapatao 400. Watu 272 walifariki dunia.

Miaka ishirini na mitano baadaye, tarehe 29 Septemba 2019, gari dogo liliteleza kinyumenyume kutoka sitaha ya feri MV Harambee ikiwa katikati ya mkondo wa Likoni. Mama na mtoto wake waliokuwa ndani walizama. Gari lilipatikana kwenye kina cha karibu mita 58, na miili yao ilitolewa majini tarehe 11 Oktoba mwaka huo. Swali lililoulizwa na wengi ni kwa nini feri ilikuwa ikisafiri bila kizuizi cha kulizuia gari kwenye mlango wa nyuma.

Tanzania nayo ina kumbukumbu chungu ya aina hiyo. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa karibu kabisa na gati ya kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, na zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Chombo kilichojengwa kubeba watu wapatao 100 kilikuwa kimebeba idadi ya watu mara kadhaa zaidi.

Ajali za Mtongwe na Ukara zinafanana kwa mambo mawili. Vyombo vilijaza kupita kiasi, na vilipinduka karibu na gati. Hivyo usalama wa feri huanzia nchi kavu, kwenye lango la kuhesabia watu. Nahodha aliye juu hawezi kuwapunguza abiria ambao mlinzi wa lango amekwisha kuwaruhusu. Tena, chombo kinapokaribia gati watu hukimbilia upande wa kushukia, na uzito wote huhamia upande mmoja. Chombo kilichojaa hakistahimili hilo.

Njia mbadala

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulionyesha wazi hatari ya maelfu ya watu kubanana kwenye sehemu za kusubiria. Serikali ya Kenya ilijenga kwa haraka daraja la watembea kwa miguu linaloelea, kati ya Liwatoni upande wa kisiwani na Ras Bofu upande wa Likoni, ambalo lilifunguliwa mapema mwaka 2021. Sehemu yake ya katikati ilitengenezwa ili ifunguke kupisha meli. Hivyo daraja hilo liliwapunguzia watu msongamano wa feri, lakini halikuwaondolea kusubiri meli.

Kwa malori, mabadiliko makubwa yameletwa na barabara ya Dongo Kundu. Barabara hiyo hutoka Miritini, katika njia ya Nairobi, huvuka Mwache na Mteza kwa madaraja, kisha huungana na barabara ya Likoni na Ukunda eneo la Kibundani. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018, na kufikia mwaka 2024 magari yaliweza kupita njia nzima. Lori linalotoka bara kwenda Lunga Lunga halilazimiki tena kuingia kisiwani wala kupanda feri.

Hapo ndipo penye suala ambalo halijapata jibu. Waenda kwa miguu huvuka Likoni bila malipo, na mapato ya kivuko hutokana na ada za magari. Magari makubwa, ambayo hulipa zaidi, ndiyo yenye sababu kubwa ya kutumia njia mpya. Watu wasiolipa watabaki palepale, kwa kuwa makazi yao yako Likoni na kazi zao ziko kisiwani, na mzunguko wa Dongo Kundu ni mrefu mno kwa mtu wa nauli ya matatu. Gharama ya kuwavusha itahitaji kutoka mahali pengine, ama mfuko wa bandari au hazina ya serikali. Mpango wa daraja kubwa la juu kati ya kisiwa na Likoni umezungumzwa kwa miaka mingi bila ujenzi kuanza.

Dar es Salaam ilipitia jambo kama hilo. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, lakini feri za Magogoni hazikuondolewa, kwani aendaye Kivukoni na Posta kwa miguu huona feri bado ndiyo njia ya mkato.

Ushauri kwa wafanyabiashara

- Mzigo mzito utokao bara au bandarini kwenda kusini upitishwe Dongo Kundu. Feri itumike kwa mzigo unaoanzia au kuishia kisiwani.
- Epuka saa za asubuhi za watu kwenda kazini na saa za jioni za kurudi. Mwenye matunda au samaki avuke usiku au alfajiri mapema.
- Angalia siku za bamvua kabla ya kupeleka gari refu au lenye tumbo la chini.
- Ada za magari hutegemea aina na ukubwa wa chombo. Lipa kwenye vituo rasmi tu na utunze risiti.
- Ukiwa juu ya feri, zima injini, vuta breki ya mkono na uache gari kwenye gia. Abiria washuke garini, na vioo viwe wazi.
- Usikimbie kwenye mteremko, na usisimame kwenye mlango wa chuma feri ikiwa inatembea.
- Ukiona feri imejaa, subiri inayofuata. Kivuko hufanya kazi saa 24.
- Anayevuka mpaka na bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia utaratibu rahisi wa forodha na cheti rahisi cha asili ya bidhaa, ambacho hutolewa mpakani. Ni vizuri kuhesabu muda wa forodha pamoja na muda wa kuvuka Likoni, ili gari lisifike sokoni baada ya wanunuzi kuondoka.