Historia: Takataka, faini na vita vya Vietnam katika wimbo wa Arlo Guthrie

Mwaka wa 1967, wakati Marekani ilikuwa ikichukua vijana kwa lazima ili wakapigane Vietnam, mwimbaji Arlo Guthrie alitoa santuri yake ya kwanza, Alice's Restaurant. Alikuwa na umri wa miaka 20. Baba yake, Woody Guthrie, aliyeimba maisha ya wafanyakazi na wahamaji maskini, alifariki mwezi wa Oktoba mwaka huo huo.

Upande mzima wa santuri ni wimbo mmoja wa zaidi ya dakika 18: gitaa, na kijana anayesimulia polepole.

Kisa kilianza kweli. Tarehe 25 Novemba 1965, siku ya sikukuu ya Shukrani, Arlo na rafiki yake walibeba takataka za jamaa waliokuwa wakiishi ndani ya kanisa la zamani, jimboni Massachusetts. Walikuta jalala limefungwa, wakazitupa kwenye mteremko. Polisi wa mji wa Stockbridge akawakamata. Katika wimbo, polisi huyo analeta picha nyingi za ushahidi mbele ya hakimu, kumbe hakimu ni kipofu. Vijana wakalipa faini na kuamriwa kuokota takataka.

Kisha wimbo unahamia New York, kwenye ofisi ya kuandikisha askari. Kijana anaulizwa kama amewahi kuhukumiwa, na kama tangu hapo amejirekebisha. Hapo kicheko kinageuka kichungu: serikali inayotaka kumtuma aue watu inatilia shaka tabia yake kwa sababu ya takataka.

Arlo hakuhitaji matusi. Aliweka kosa dogo kando ya kosa kubwa, akamwachia msikilizaji apime mwenyewe. Hata yule polisi, William Obanhein, aliigiza nafasi yake mwenyewe katika filamu ya mwaka wa 1969.

Vita viliisha mwaka wa 1975. Mpaka leo, redio kadhaa za Marekani hupiga wimbo huo kila sikukuu ya Shukrani.

Lakini mamilioni ya Wavietnam waliokimbia vijiji vyao wanapita humo kwa maneno machache tu. Wewe unayesikiliza ukiwa kambini, au umepokelewa katika nyumba ya watu, unajua kwamba upande huo wa vita nao ni mrefu. Nao unastahili mtu wa kuusimulia, na dakika zake 18.