Fidia ya majanga kwa wakulima na wafugaji (Marekani)

Fidia ya majanga ni fedha ambazo serikali ya Marekani huwalipa wakulima na wafugaji kwa hasara ya ukame, mafuriko, moto au theluji isiyobebwa na bima. Bima ya mazao ya serikali ilianza huko mwaka 1938, ila kwa miongo mingi wakulima hawakuichangamkia. Sheria ya 1973 ikaleta malipo ya moja kwa moja ambayo mkulima hakuyachangia hata senti. Yakalaumiwa kwamba yanawapa watu ujasiri wa kulima penye mvua ya kubahatisha, na mwaka 1980 bima ikapanuliwa ili ichukue nafasi yake. Haikuichukua: ukame wa 1988 ulipounguza mahindi, Kongresi ilifungua mkoba tena.

Wapinzani wa fidia husema anayejua ataokolewa hana haja ya kulipia bima. Hoja hiyo ni nzito, lakini huchukulia kwamba bima ya kununua ipo na inatosha, jambo ambalo kwa mfugaji mara nyingi halikuwa kweli. Mapema Oktoba 2013, mvua ya baridi ikifuatwa na theluji nzito iliua maelfu kwa maelfu ya ng'ombe magharibi mwa South Dakota. Walikuwa bado kwenye malisho ya kiangazi, hawajaota manyoya ya baridi. Programu ya kufidia mifugo iliyowekwa mwaka 2008 ilikuwa imekwisha muda tangu 2011, na wiki hiyohiyo ofisi nyingi za serikali zilikuwa zimefungwa kwa mvutano wa bajeti. Sheria ya Februari 2014 ndiyo iliyoifanya ya kudumu na kulipa hasara za nyuma, kwa asilimia 75 ya bei ya soko ya mnyama aliyekufa. Kinachopaswa kuulizwa, basi, ni kama kanuni ya malipo inajulikana kabla ya janga au inatungwa baada yake.

Kanuni inayojulikana mapema haimlei mtu uzembe. Kwa mazao yasiyo na bima, mpango wa 1994 humtaka mkulima alipe ada kabla ya msimu, na kinga yake ya msingi hulipa tu mavuno yakipungua kwa zaidi ya nusu, tena kwa asilimia 55 ya bei. Hakuna atakayeombea shamba lake ukame kwa ujira huo. Malisho nayo hufidiwa kwa kufuata ramani ya ukame inayotolewa kila wiki. Ni kweli kwamba malipo hayo huamuliwa kwa kaunti nzima, hivyo aliyebahatika kunyeshewa naye hulipwa. Hiyo ndiyo gharama ya kutomtuma mkaguzi kila boma. Ni kweli pia kwamba malipo kwa idadi ya mifugo humnufaisha mwenye kundi kubwa, ingawa kikomo cha dola 125,000 kwa mtu kwa mwaka humpunguzia kasi.

Lililo gumu kulitetea ni fungu la dharura. Desemba 2024 Kongresi ilitenga takriban dola bilioni 31, na bilioni 10 kati yake hazikuhusu janga lolote. Zilikuwa za kufidia bei duni na gharama za kilimo. Waliopoteza mazao mwaka 2023, kwa upande wao, walianza kupokelewa maombi Julai 2025.