Wosia wa Padre Meslier

Sisi tunaofundisha lugha huwapa wanafunzi vitabu vilivyofupishwa, tukidhani kwamba kilichopungua ni maneno tu. Kisa cha Jean Meslier chatuonyesha kwamba mfupishaji aweza kugeuza hata imani ya mwandishi.

Meslier alizaliwa mwaka 1664, akawa padre wa kijiji cha Étrépigny, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, kwa miaka ipatayo 40. Alibatiza, akafungisha ndoa, akazika. Askofu wake mkuu aliwahi kumkemea, lakini kwa sababu ya kumshutumu kabaila wa hapo aliyewaonea wakulima. Alipofariki mwaka 1729 ziliachwa nakala 3 za wosia mrefu, zote kwa mkono wake. Humo aliwaomba radhi waumini wake kwa kuwahubiria asiyoyasadiki. Kwa maoni yake, Mungu hakuwapo.

Hoja zake ni nyingi na, tuseme kweli, huzirudia mno. Aliuliza kwa nini Mungu mwema na mwenye uwezo wote, kama ataka kujulikana, awaache wanadamu wachinjane wakigombania nani amsemea. Aliyataja mateso ya wanyonge, hata ya wanyama. Lakini hoja iliyo nzito zaidi, kwetu sisi, ni ile ya maada. Waumini husema lazima kiwepo kitu kisichoumbwa, nacho ni Mungu. Meslier akajibu: ikiwa kitu chaweza kuwepo bila kuumbwa, mbona kisiwe maada yenyewe, tunayoiona na kuigusa, yenye mwendo wake wa asili? Jibu hilo halithibitishi kwamba Mungu hayupo. Laondoa tu ulazima wa kumtaja. Mwanafalsafa muumini angali na la kusema hapo, na Meslier hakumpa nafasi ya kutosha.

Mwaka 1762 Voltaire alichapisha dondoo za wosia huo. Voltaire alilipiga vita Kanisa, lakini alimwamini Mungu Muumba. Basi akabakiza mashambulizi dhidi ya miujiza na Maandiko, akaondoa ukanamungu pamoja na hasira juu ya mabwana wenye ardhi, kisha akamalizia kwa maombi. Marehemu aliyemkana Mungu akafanywa amwombe!

Wosia mzima ulichapishwa Amsterdam mwaka 1864, katika majuzuu 3. Kwa miaka 102 wasomaji wengi walikuwa wamemjua Meslier wa Voltaire.