Njia ya chuo: wanafunzi wa Kasongo na Kabambare

Katika miaka ya 1870 Kasongo, huko Maniema mashariki mwa Kongo, ilikuwa mji wa kuendewa. Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, alifanya makao hapo, na misafara ya pembe za ndovu na watumwa ikawa ikipitia Kabambare kwenda na kutoka Ujiji. Waungwana walioandamana nayo walileta mpunga, msikiti, Kiswahili kilichokuja kuitwa Kingwana, na chuo kwa maana ya zamani ya neno hilo: mkeka, ubao na Kurani. Wapo waliojua kuandika kwa herufi za Kiarabu kabla Mzungu hajafungua darasa huko. Jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Dhanis lilipouteka mji Aprili 1893, maarifa hayo hayakufa, ila mbele ya dola mpya hayakumpa mtu cheo.

Mapadre Weupe walifika mwaka 1903. Kwa miaka mingi shule yenye ruzuku ilikuwa ya misheni, na wazazi Waislamu wengi walihofu kwamba mtoto akipelekwa huko atarudi amebatizwa. Shule za serikali zisizo za dini zilianza kuenea tangu 1954 tu, chini ya Buisseret, waziri wa makoloni wa Ubelgiji. Ndiyo maana chuo kikuu kilipokuja, vijana wa Kasongo hawakuanza safari pamoja: mtoto wa misheni alikuwa ametangulia.

Mwaka huohuo wa 1954 chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville (Kinshasa ya leo). Cha Élisabethville (Lubumbashi) kilifuata mwaka 1956, cha Stanleyville (Kisangani) 1963. Kuanzia 1967 mlango ulikuwa mtihani wa serikali mwishoni mwa sekondari. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliviunganisha vyuo vitatu kuwa kimoja na kugawa masomo kwa miji: fasihi na sayansi za jamii Lubumbashi, ualimu na saikolojia Kisangani, udaktari na sheria Kinshasa. Mgawanyo huo, uliodumu hadi 1981, ulimfaa mtawala aliyechoshwa na wanafunzi wa mji mkuu. Kwa kijana wa Maniema ulimaanisha kwamba akichagua somo, amekwisha kuchagua mji.

Safari yenyewe ilikuwa somo la kwanza. Wa Kasongo alivuka Lualaba kwenda kupanda treni Samba, kwenye reli ya Kindu na Kongolo iliyokamilika 1911. Wa kwenda Lubumbashi alishika njia ya kusini, kupitia Kongolo na Kabalo. Wa Kisangani alishuka Kindu, akapanda meli hadi Ubundu, kisha treni tena, kwa sababu ya maporomoko. Wa Kabambare alikuwa na kazi ya ziada, ama afike kwanza Kasongo, ama atokee Fizi na kushika ziwa Tanganyika. Mzigo ulijulikana: gunia la mchele na dumu la mawese. Vikiisha, aliyezoea wali alijifunza kula bukari wa mahindi wa Lubumbashi, au chikwangue ya Kinshasa.

Lugha ilisumbua zaidi ya chakula. Lubumbashi alisikia Kiswahili, lakini chenye maneno asiyoyajua. Kinshasa ilimtaka Kilingala sokoni na ndani ya basi. Darasani ilikuwa Kifaransa kitupu, na yeye alikuwa ameanza shule ya msingi kwa Kiswahili. Asiyepata kitanda kwenye kampasi alikaa kwa mjomba au kwa mtu wa kwao, akilipa kwa kuteka maji na kufundisha watoto wa nyumba.

Posho ya serikali ilipopungua thamani katika miaka ya 1980, mzigo wa karo ulirudi kwa wazazi, na shamba la mpunga likawa ndilo mfadhili. Vita vya 1998 hadi 2003 vilikata reli; wengi walibaki nyumbani wakiwa na diploma mkononi.

Baadaye Kindu ilipata chuo kikuu chake, na Kasongo nayo. Kijana wa Kasongo sasa anaweza kusoma huku akilala kwao. Wa Kabambare bado anapanga chumba, na mchele wake unamfikia kwa baiskeli au pikipiki, kwa upande uleule zilikotokea safari za Ujiji.