Mchezaji wa Pili

Kaseti yetu ya njano iliandikwa kwamba ina magemu 9999. Ndani yalikuwa machache tu, yakijirudia kwa majina tofauti. Mimi na kaka tulicheza Contra mpaka adapta ikachemka na mama akachomoa waya.

Miaka mingi baadaye niliweka emyuleta kwenye kompyuta, ndipo nikajua kile kimashine chetu cha "TV gemu" kilikuwa nakala ya Famicom, iliyotolewa na Nintendo kule Japani Julai 15, 1983. Moyo wa Famicom ni prosesa ya Ricoh, iliyojengwa juu ya chipu ya 6502. Emyuleta haina chipu hiyo. Ni programu inayosoma amri za gemu moja baada ya nyingine na kutenda kile ambacho prosesa ile ingetenda, picha na sauti pamoja. Gemu halijui kwamba limehama nyumba.

Je, huu ni wizi? Swali hilo lilifika mahakamani Marekani. Mwaka 1999 Sony iliishtaki kampuni ya Connectix, iliyotengeneza programu ya kuchezea magemu ya PlayStation kwenye Macintosh. Februari 2000 mahakama ya rufani iliamua kwamba kunakili programu ya ndani ya PlayStation ili kuelewa inavyofanya kazi kulikuwa matumizi halali. Mwaka 2001 Sony iliinunua programu ya Connectix na kuiondoa sokoni, lakini hukumu ilibaki. Haikuhalalisha kunakili magemu yenyewe, na ugomvi uko hapo hadi leo.

Mwaka 2023 Video Game History Foundation ilionyesha kuwa asilimia 87 ya magemu ya zamani yaliyotolewa Marekani hayapatikani tena madukani. Asiyeruhusiwa kunakili anaambiwa akanunue, na pa kununua hakuna.

Usiku ule nilipofungua Contra, kwa mazoea nilichagua wachezaji wawili. Askari wa pili alisimama bila kusogea mpaka risasi zikammaliza. Kaka alikuwa amefariki miaka miwili kabla.

Jumapili mwanawe alikuja. Nikamwonyesha vitufe vya upande wake, tukaanza. Alikufa mara tatu kabla ya daraja la kwanza, kisha akauliza:

"Baba mdogo, baba alikuwa yupi?"

"Huyo wako," nilimwambia. "Mwekundu."